Vijana wa jamii za asili wanaitwa kuzungumza Umoja wa Mataifa. Wanaamua nini hasa?

#1 Nyika Huru
Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia mtandaoni vikao vya Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa kuhusu Masuala ya Watu wa Asili. Kikao cha 23, Aprili 2024 New York, mada kuu ilikuwa haki ya watu wa asili kujiamulia mambo yao, na mkazo ukawekwa kwenye sauti za vijana. Mwaka uliotangulia, Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili, tarehe 9 Agosti 2023, nayo walipewa vijana. Ukisikiliza hotuba, kila balozi anawamwagia sifa.

Sasa ninachouliza ni hiki. Wajumbe wa lile Jukwaa ni 16: wanane wanapendekezwa na serikali, wanane na jumuiya za watu wa asili. Hao 16 ndio wanaokaa kuandika mapendekezo yanayokwenda Baraza la Uchumi na Jamii. Kiti kilichotengwa kwa ajili ya kijana hakuna. Kijana anaingia ukumbini, anasoma tamko, anapigiwa makofi, anapiga picha na bendera nyuma yake, anarudi kwao. Kalamu wanashika wengine.

Dai langu: vijana wanatumiwa kama mapambo. Anayepinga aje na hoja, matusi aache mlangoni.

#2 Mzee wa Hoja
Dai lako lina kasoro moja kubwa, mwanangu. Unalilia kiti kwenye meza isiyo na chakula. Jukwaa la Kudumu ni chombo cha ushauri tu. Likipendekeza jambo, serikali inaweza kulisoma au kulifungia kabatini na hakuna wa kuihoji. Hata ukiwajaza vijana viti vyote 16, shamba lililonyang'anywa halirudi kwa pendekezo.

#3 Kinyozi wa Zamu
Mzee, chakula kipo. Kinaitwa posho.

#4 Kalamu Nyekundu
Nyika Huru, uzi mzuri, ila usiwafanye watu waamini kwamba vijana wameanza kutajwa juzi. Jukwaa liliundwa mwaka 2000, likakaa kwa mara ya kwanza Mei 2002. Kikao cha pili tu, 2003, mada yake ilikuwa watoto na vijana wa asili. Maana yake kijana aliyesimama siku hiyo akiwa na miaka 22, mwaka 2024 alikuwa ameshavuka 40, na mada ikarudi kama mpya vile. Kwa hiyo anayetaka kujua kama hawa watu wanasikilizwa, asihesabu mada. Aangalie kilichobadilika katikati.

#5 Wakili Uchwara
Naomba niingie kisheria kidogo.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, ibara ya 18, linawapa watu hawa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa haki zao kupitia wawakilishi waliowachagua wenyewe, kwa taratibu zao wenyewe. Someni hapo polepole. Halisemi kijana wala mzee, linasema aliyechaguliwa.

Sasa nendeni ibara ya 21 na 22. Vijana wanatajwa huko, lakini wametajwaje? Wamewekwa kapu moja na wazee, wanawake, watoto na watu wenye ulemavu, kama kundi la kuangaliwa kwa jicho la pekee kwa sababu ya mahitaji yake maalumu. Kwa maoni yangu kiini cha tatizo la Nyika Huru kiko hapo. Hati yenyewe inamtazama kijana kama mtu wa kulindwa. Ukimlinda mtu humpi kalamu, unampa mwavuli.

#6 Mzee wa Hoja
Wakili, hilo Azimio lilipitishwa 2006 kwa mbwembwe, na mpaka leo si sheria inayombana mtu.

#7 Kalamu Nyekundu
2006 lilipita kwenye Baraza la Haki za Binadamu. Kwenye Baraza Kuu lilikwama mwaka huo huo, na waliolikwamisha ni kundi la nchi za Afrika, wakitaka muda wa kulijadili zaidi. Likapita 13 Septemba 2007: kura 144 za ndiyo, 4 za hapana, 11 hazikuegemea upande wowote. Hapana walikuwa Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, ambao wote baadaye waligeuka wakaliunga mkono. Kanada ilikwenda mbali zaidi, mwaka 2021 ikatunga sheria ya kulitekeleza. Kwa hiyo "halimbani mtu" nayo ina tarehe yake ya mwisho wa matumizi.

#8 Mzee wa Hoja
2006, 2007, hoja yangu iko palepale.

#9 Mfugaji Msomi
Nimesoma kimya, naona mnazunguka. Mimi natoka kwenye jamii ya wafugaji, mojawapo ya hizo jamii za asili mnazozijadili hapa, kwa hiyo niwaambie kinachotokea kabla ya mtu hajapanda ndege.

Kwetu kijana hasemi kwa niaba ya jamii kwa kuwa amesoma au anajua Kiingereza. Anatumwa. Rika lake linakaa, wazee wanakaa, maneno yanapimwa, ndipo anaambiwa nenda ukaseme hili na hili, lile liache. Kijana anayejiteua mwenyewe kupitia shirika lake, ana tovuti na nembo, akirudi wazee wanamuuliza: nani alikutuma? Na hilo swali ni ile ibara ya 18 ya Wakili, kwa taratibu zao wenyewe.

Kwa hiyo mnaposema vijana hawana kiti, mimi nauliza kwanza kiti hicho atakikalia kijana wa nani. Wengine tunaowaona kwenye picha huko hawajalala kwao muda mrefu sana.

#10 Nyika Huru
Mfugaji Msomi, nakuheshimu, ila hapo umenipa jibu ambalo wazee wa dunia nzima wanalipenda. "Nani alikutuma" imezima vijana wengi. Mbona mzee naye haulizwi?

#11 Mfugaji Msomi
Anaulizwa. Tena anaulizwa hadharani. Njoo uone.

#12 Dada Subira
Habari zenu. Mimi si mwanasheria, nilishiriki kwenye kundi la vijana wa jamii yetu. Tuliandaa tamko zuri tu, mwenzetu mmoja akapata ufadhili wa tiketi na malazi. Barua ya mwaliko ipo, usajili wa kikao upo. Ubalozi mmoja, siutaji, ukampa tarehe ya mahojiano ya viza baada ya kikao kuwa kimeshafungwa. Alipoomba asogezewe akaambiwa mfumo hauruhusu. Tamko letu lilisomwa na rafiki wa bara jingine ambaye hajawahi kukanyaga kwetu, akakosea jina la mto unaozungumziwa.

Kabla ya kumlaumu mzee au ibara, angalieni pasipoti. Kikao cha New York kinamtaka mtu apate viza ya Marekani, cha Geneva kinamtaka apate ya Uswisi. Mtu mzima mwenye ajira, nyumba na safari za nyuma anapita. Kijana wa miaka 21 asiye na akaunti ya benki yenye kitu anaonekana atatorokea huko.

#13 Kinyozi wa Zamu
Pole dada. Ila aliyekosea jina la mto angalau alifika.

#14 Mtarajiwa
Samahani wakuu, mimi mwanafunzi, niko nyuma kidogo. Dada Subira, ufadhili huo unatoka wapi? Na "kijana" ni wa umri gani huko? Mimi nina 27.

#15 Kalamu Nyekundu
Upo Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Watu wa Asili, ulianzishwa 1985. Kazi yake ni kuwalipia wawakilishi wa watu wa asili nauli na gharama za kuhudhuria vikao vinavyowahusu. Unategemea michango, ndiyo maana ukaitwa wa hiari.

Umri ndiyo kichekesho chenyewe. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinamhesabu kijana kuwa na miaka 15 hadi 24. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama, 2015, linasema 18 hadi 29. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unakwenda 15 hadi 35. Kwa hiyo wewe, Mtarajiwa, ni kijana kwa Baraza la Usalama na kwa Afrika, lakini kwa watakwimu umeshastaafu ujana.

#16 Mfugaji Msomi
Na kwetu ujana haupimwi kwa miaka kabisa, unapimwa kwa rika. Mtu wa 30 anaweza kuwa bado hajaruhusiwa kusema kikaoni, na wa 26 wa rika la juu akawa anasikilizwa. Mkitenga hicho kiti, mtatumia kipimo cha nani?

#17 Mzee wa Hoja
Mimi bado nina donge. Hivi Waafrika wote si watu wa asili? Nani alitoka nje hapa? Hii habari ya kubagua kabila hili la asili na lile si la asili imeletwa na wafadhili.

#18 Kinyozi wa Zamu
Nilikuwa nasubiri ije. Kila uzi wa mada hii lazima hili liulizwe kabla ya #20.

#19 Wakili Uchwara
Limeulizwa na wakubwa kuliko sisi, ndiyo hofu ile ile iliyoziponza nchi za Afrika 2006. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishalijibu kupitia kikosi kazi chake: hoja siyo nani alifika kwanza. Hoja ni jamii kujitambua yenyewe hivyo, maisha na utamaduni wake kutegemea ardhi fulani kwa namna ya pekee, na kutengwa na wenye nguvu. Kwa msingi huo Tume ikawapa haki Waendorois wa Kenya mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ikawapa haki Waogiek, nao wa Kenya, 26 Mei 2017, kisha 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mzee, mahakama imeshatoka huko, tusirudi.

Na kama wafadhili ndio walioileta, mwambie marehemu Moringe ole Parkipuny, Mmaasai wa Tanzania. Mwaka 1989 alisimama Geneva mbele ya Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa cha watu wa asili akaeleza habari za Wamaasai na Wahadzabe. Anatambuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo pale. Alikuwa mbunge, siyo mtu wa kuokotwa.

#20 Mfugaji Msomi
Wakili umenisaidia bila kujua. Parkipuny alisikilizwa kwa sababu alikuwa na watu nyuma yake. Hakuingia kwa kadi ya ujana.

#21 Nyika Huru
Au alisikilizwa kwa sababu alikuwa mbunge mwenye Kiingereza kizuri. Tusichague sababu inayotupendeza.

#22 Mshika Kipaza
Nimekuta uzi umenoga. Mimi niliwahi kusaidia kwenye kundi la vijana wa asili wa dunia, lile linalokutana pembeni ya kikao na kutoa tamko la pamoja. Niwaeleze tamko hilo linavyotengenezwa, maana naona wote mnadhani vijana wanaingia na maneno yao mfukoni.

Chumba kidogo, jioni, watu wamechoka na safari. Kuna dada wa Kisami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, anatoka Norway, anataka litajwe suala la mitambo ya umeme wa upepo kwenye malisho ya kulungu wao wa kufugwa (reindeer). Kijana wa visiwa vya Pasifiki anataka bahari inayomeza makaburi ya babu zake. Wa Amazoni anataka wachimba dhahabu na zebaki wanayomwaga mtoni. Wa Afrika Mashariki anataka kuhamishwa kwa wafugaji kwa jina la uhifadhi. Wa Asia anasema kwao serikali haikubali hata kwamba watu wa asili wapo. Kila mmoja ametumwa, Mfugaji Msomi, na kila mmoja kwao wanasubiri kusikia jina la mahali pao likitajwa.

Muda wa kuzungumza ni dakika tatu. Ukipitiliza kipaza kinazimwa, hata uwe katikati ya neno. Dakika tatu ni karatasi moja, tena ukisoma taratibu ili wakalimani wakufuate inakuwa pungufu. Basi linaanza kukatwa. Mto unaondoka, unabaki "vyanzo vya maji". Malisho yanaondoka, inabaki "ardhi za asili". Jina la kampuni linaondoka kwa sababu mwenzetu mmoja anaogopa atakaporudi kwao. Usiku wa manane tumebaki na sentensi moja ambayo kila mtu anaikubali: tunadai ushiriki kamili na wenye tija wa vijana.

Kesho yake inasomwa. Makofi. Balozi anasema tumetiwa moyo. Na mtu kama Nyika Huru anayeangalia mtandaoni anasema hawa vijana hawana jambo la maana. Jambo lilikuwepo, lilikufa chumbani saa sita usiku, na hakuna mzee wala balozi aliyeliua. Ni ule muda wa dakika tatu kwa maeneo saba ya dunia.

#23 Nyika Huru
Mshika Kipaza, asante sana. Ila sikusema hawana la maana. Nilisema hawaandiki. Na wewe umethibitisha: hata kile wanachoandika wanakiandika kwa kipimo cha wengine.

#24 Kalamu Nyekundu
Tuongeze hili. Mfumo wenyewe unaruhusu mambo mengine ukitakiwa. Juni 2013 watu wa asili waliitisha mkutano wao Alta, Norway, kujiandaa kwa Mkutano wa Dunia wa Watu wa Asili wa 2014, ule wa Umoja wa Mataifa. Waliohusika kuandaa waraka wa Alta ni maeneo saba pamoja na makundi mawili: wanawake na vijana. Kijana alikuwa sehemu ya utaratibu, hakuwa mgeni wa kusoma tamko.

#25 Mzee wa Hoja
Na 2014 New York waraka wa mwisho ulipitishwa na nani? Nchi wanachama. Alta walikuwa wanajadiliana wenyewe kwa wenyewe, New York wenye kauli ya mwisho ni serikali. Mnaona sasa kwa nini nasema meza haina chakula?

#26 Wakili Uchwara
Mzee, hapa nakupa nusu. Hilo ndilo gumu kuliko suala la vijana. Ndani ya Umoja wa Mataifa watu wa asili wengi wanaingia kwa mlango wa asasi za kiraia. Serikali za kimila, mabunge yao, mabaraza yao ya wazee, hayana sura ya asasi. Ili upate hadhi ya ushauri kwenye Baraza la Uchumi na Jamii lazima uwe asasi yenye katiba, viongozi, hesabu, na uwe umekuwepo angalau miaka miwili. Baraza Kuu lilipitisha azimio 71/321 mwaka 2017 kuendeleza mjadala wa namna taasisi za watu wa asili zitakavyoshiriki kwa hadhi yao zenyewe, na mjadala umekuwa wa kuburuza miguu. Sasa kama baraza la wazee lenye miaka mamia halina mlango, kundi la vijana lililoundwa juzi litapita wapi?

Ila sikubaliani kwamba kote ni hivyo. Kwenye mazungumzo ya tabianchi kuna kikosi kazi cha Jukwaa la Jamii za Wenyeji na Watu wa Asili, kilichoundwa Katowice 2018. Wajumbe 14: saba wa serikali, saba wa watu wa asili. Nusu kwa nusu.

#27 Kinyozi wa Zamu
Kati ya hao saba kuna kijana mwenye nywele nyeusi?

#28 Wakili Uchwara
Kinyozi, wewe unaangalia nywele kila mahali.

#29 Jirani wa Bahari
Mnaniruhusu mgeni? Mnabishana kiti cha New York wakati vijana wenyewe wameshaonyesha maamuzi yanapatikana wapi. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen vilivunja haki za wafugaji wa Kisami. Serikali ikakaa kimya, mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023, siku 500 tangu hukumu, vijana wa Kisami na wenzao wa mazingira wakaingia wizarani Oslo wakakaa chini. Polisi wakawabeba, wakahamia milango ya wizara nyingine. Siku chache baadaye waziri akaomba radhi na kukiri kwamba haki zimevunjwa. Hakuna tamko la dakika tatu lililowahi kufanya hivyo.

#30 Kalamu Nyekundu
Kweli, ila malizia. Mitambo haikung'olewa, yaliishia kwenye makubaliano na wafugaji. Na mahakama ile iliegemea ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Karatasi ya kimataifa ndiyo iliyowapa vijana la kudai pale mlangoni. Bila hiyo wangekuwa wavamizi tu.

#31 Jirani wa Bahari
Karatasi ilikuwepo miaka yote. Aliyeitia uhai ni aliyekaa chini.

#32 Dada Subira
Jirani, Oslo ukibebwa na polisi unashushwa nje. Kuna nchi ukibebwa hatujui unashushwa wapi. Ndiyo maana wengine tunakwenda kusemea mbali, pamoja na dakika zake tatu.

#33 Mtarajiwa
Asanteni, nimejifunza. Nataka kuomba ule Mfuko wa Hiari. Wanahitaji nini?

#34 Dada Subira
Lazima uwe mtu wa jamii ya asili mwenyewe, na uwe na barua ya mapendekezo kutoka kwenye jumuiya yako. Angalia tovuti yao kwa tarehe, na anza pasipoti leo. Narudia: leo.

#35 Mfugaji Msomi
Barua ya jumuiya. Mnaona? Hata Umoja wa Mataifa unauliza nani alikutuma.

#36 Nyika Huru
Mfugaji, hujanijibu tangu #10. Barua ikisainiwa na wazee, halafu kijana akataka kusema jambo wasilolipenda, mfano wasichana kurithi ardhi, inakuwaje?

#37 Mfugaji Msomi
Atalisema. Kipaza kikiwa mkononi mwake nani atamzuia? Akirudi ataitwa alieleze mbele ya kikao, kama mimi nilivyoitwa.

#38 Kinyozi wa Zamu
Hebu subiri. Uliitwa? Ulisema nini huko? Tupe kisa, mkuu.

#39 Mfugaji Msomi
Siyo kwenye uzi wa wazi.

#40 Kinyozi wa Zamu
Nimekutumia ujumbe wa faragha.